Ovaroli Namba 214

Mama yetu alizaliwa Jumanne tarehe 3 Juni 1958, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa nne wa seremala na mkunga, akiwa mdogo kiasi kwamba bibi yake alikaa macho siku tatu akisikiliza kama anapumua, na mwenyewe alipenda kusema kuwa hofu aliinyonya siku zile pamoja na maziwa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akafaulu, lakini uwezo ulikuwa wa kusomesha mtoto mmoja, akapelekwa kaka yake. Tarehe 5 Februari 1979 aliajiriwa kiwanda cha nyuzi, idara ya kusokota, akapewa ovaroli namba 214.

Jumamosi tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi redio, wakajaliwa watoto watatu, waliozaliwa tarehe 9 Novemba 1983, 20 Aprili 1987 na 2 Julai 1996. Aliogopa radi, mbwa na barua zenye muhuri, na tulipomcheka alitujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Kikohozi kilimwanza Mei 2017, madaktari wakasema ni vumbi la pamba, na Alhamisi tarehe 21 Machi 2024, saa nane mchana, alituacha. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotuletea maji na viti kabla hatujaomba, na wafanyakazi wenzake, hasa mpakiaji aliyekaa mstari wa mbele, ambaye sisi watoto tunamwita mama mkubwa.

Habari za kazi yake tumezifupisha kwa makusudi, kwa sababu mama mkubwa ametuomba tuzisome mwisho, na tusimpambe marehemu kwa ujasiri asiokuwa nao.

Wakati ule mwanamke akionekana na mimba mkataba wake ulikatwa, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wanawake walipanga mstari nyuma ya ofisi, wakapapaswa tumbo na kupewa kipande cha sabuni. Wauguzi waliandika namba za ovaroli, nyuso hawakuziangalia, kwa hiyo mama alipopata mimba ya kwanza, mama mkubwa alipimwa kwa namba yake 187, akaingia chooni, akavaa 214, akarudi mstarini. Juni walipita, Julai wakapita, lakini tarehe 1 Agosti 1983 muuguzi alikuwa mmoja, na vidole vyake vikakumbuka kovu la upasuaji vililoligusa robo saa kabla. Mama mkubwa alidai ameiiba ovaroli ili apate sabuni ya pili, ofisini wakamwamini, wakamwambia arudi kesho kutia sahihi barua ya kufukuzwa kwa wizi, na 214 mwenyewe atapimwa mwezi ujao. Alipopita kwenye mashine ya mama aliinama kama anayeokota uzi.

"Mdogo wangu, fumba mdomo. Wangu wamekua, wako hajazaliwa."

Baba naye alimsihi anyamaze, akimkumbusha kuwa redio za kutengeneza zilikuwa mbili tu mezani, na mama alikubali, akakubali tena, huku chakula kikimshinda na kikombe kikimponyoka kikavunjika.

Yaliyofuata yamo kwenye kumbukumbu za chama cha wafanyakazi: walifukuzwa wote wawili, chama kikaichukua kesi, wakarudishwa kazini tarehe 16 Julai 1984, upimaji ukafutwa, likizo ya uzazi yenye mshahara ya siku themanini na nne ikaandikwa katika mkataba wa wote, na mama akawa mwakilishi wa chama kwa miaka ishirini na miwili, akitapika kabla ya kila kikao na mwajiri.

Lakini Jumanne ile, tarehe 2 Agosti, hakuna aliyejua hayo. Saa moja asubuhi mama alifungua kitambaa alichokuwa akijikaza nacho tumbo, akavaa 214, akaingia ofisi ya afisa utumishi bila kubisha hodi, akamkuta mama mkubwa ameshashika kalamu. Alitaka kusema, sauti ikagoma. Basi akasimama pale, akafungua vifungo vya ovaroli kimoja baada ya kingine, akauchukua mkono wa yule afisa, akauweka juu ya tumbo.

Pumzika sasa, mama, hakuna tena wa kukuita ofisini.