Mbele ya Swichi Kubwa

Kijiwe cha Kanduyi kilikuwa nje ya saiba, duka la kompyuta na intaneti: benchi moja ndefu, kivuli cha bati, na birika la kahawa la Nasike. Mchana huo joto lilikuwa halisemeki, na kiyoyozi cha saiba kilikuwa kimezibwa na vumbi mpaka kikaanza kudondosha maji juu ya kompyuta. Levi, mume wa Nasike, ndiye aliyesimamia saiba hiyo peke yake. Alizima swichi kubwa ya umeme mle ndani, akapanda ngazi nyuma ya jengo kufungua feni ya kiyoyozi na kuisafisha. Nasike alimimina kahawa, mtoto mgongoni, sikio likiwa kule nyuma.

Benchini walibishania yale maji. Injinia, aliyewahi kutengeneza redio moja ikaongea, alishikilia kwamba ni jasho la wateja. Mashine hulivuta, ikashiba, ikalitapika. Waziri, dalali wa mahindi wa Moi's Bridge, akasema basi wanaotafuta kazi kwenye intaneti ndio waliojaza ndoo ya kukingia maji hayo. Kagwe, aliyetoka Kitale akifuata mzigo wake, alifikiri sana kabla ya kusema.

— Bana, mkiigeuza hiyo kitu nyuma mbele, si itapasha Kitale moto? Julai sisi tunalala na sweta.

— Utaigeuza wewe, Waziri akamjibu. Mimi stima naiogopa kuliko mama mkwe.

— Ati kuogopa. Vaa patipati miguuni tu, Injinia alisema. Mpira haupitishi.

Nasike akawaongezea kahawa.

Ndipo akafika Nanyama, mwalimu wa Sirisia, na karatasi zake za kutoa kopi. Wakamweleza kwamba stima imezimwa, angoje Levi amalize. Alikaa, akasikiliza mambo ya patipati, kisha akauliza kwa upole:

— Na ndani amebaki nani wa kuwaambia watu wasiwashe?

Injinia aligeuka kuutazama mlango wa saiba.

Nasike aliweka birika chini, akaingia. Mteja mmoja, mwanamume mwenye tai, alikuwa amechoka kungoja, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi.

— Usiguse.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Nasike akapita katikati ya wateja, akasimama mbele ya swichi, akimshikilia mtoto asiegemee ukuta.

— Mama, kwani wewe hungoji stima? mwenye tai akauliza.

— Nangoja bwanangu. Mikono yake iko ndani ya mashine.

Yule mwenye tai akashusha mkono taratibu. Akaenda mlangoni, akasimama hapo kuwaambia wanaoingia wasiwashe.