Karatasi ya Sigara Kwenye Redio

Basi lilipotoka Musoma kwenda Bunda, mwanaume aliyekaa mbele yangu alianza kumsimulia mama jirani yake sifa za redio yake ya nyumbani. "Fyuzi nilishatoa, mama. Miaka ya shida zilikuwaga hazipatikani, tukaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Sasa maduka ya mtaa wa Mukendo pale mjini yamejaa fyuzi, lakini karatasi siachi. Besi inatoka nzito."

Mama akataka kujua besi na karatasi vinahusianaje.

"Waya wa fyuzi ni mwembamba kama unywele. Ngoma nzima itapita wapi?"

Kwa hesabu hiyo, nikawaza, angeweka bomba la maji mahali pa fyuzi, besi ingesikika mpaka Tarime.

"Wembamba ule ni wa makusudi, baba. Umeme ukizidi unakatika wenyewe, nyumba isiungue."

"Yangu haikatikagi kabisa," akajibu kwa fahari.

"Ndiyo ninachoogopa. Ukisafiri unazimaga?"

"Nizime? Naachaga inaimba, wezi wajue nipo."

"Hata sasa inaimba?"

Basi liliposimama Bunda, mwenye redio alikuwa wa kwanza mlangoni, akimwuliza kondakta gari la kurudi Musoma linaondoka saa ngapi.