Mchungaji Enos Opiyo, Aliyefunga Hadi Akaanguka

Marehemu Mchungaji Enos Opiyo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1973 hapa Usenge, mtoto wa marehemu Mzee Odera na marehemu Mama Seline, dakika chache kabla yangu mimi dada yake pacha, Dorca Adongo, ninayewasomea haya. Maisha yake yote alinitangulia, na leo amenitangulia bila sababu ya maana.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akianika omena na Mama kabla ya kengele, akamaliza darasa la nane mwaka 1988 na kidato cha nne Bondo mwaka 1992. Wenzake walipomcheka kwa kunuka samaki, aliwahubiria. Mwalimu alipomchapa kwa kelele, alimwombea mwalimu.

Aliwekewa mikono Kisumu tarehe 6 Desemba 1998, akahudumu Kaloleni chini ya Mchungaji Mark Wasike, kisha Nyalenda tangu 2006. Alimwoa Maryanne tarehe 21 Agosti 1999, wakajaliwa Griffins na Sheryl.

Mwaka 2014 alipatikana na ugonjwa wa sukari. Aliyemweka hai ni Mzee Wasike, ambaye naye aliugua ugonjwa huo huo. Kila Jumatatu walikunywa chai ya strungi, bila maziwa wala sukari, pale Kaloleni, na kabla ya kufungua Biblia Mzee aliuliza, "Bwana Opiyo, umekula? Umelala? Umegombana na Mama Griffins?" Mwaka mmoja Opiyo alitaka kufunga pamoja na kanisa. Mzee akamsukumia sahani ya nyoyo, mahindi na maharagwe yamejaa pomoni. "Kwanza ukule. Mungu hajakutuma ujiue."

Mzee Wasike alifariki mwaka 2021. Opiyo akawaomba ninyi wachungaji wenzake muendeleze ile Jumatatu. Mlisema mko na shughuli. Alimweleza mmoja wenu ugonjwa wake kwa siri, na Jumapili iliyofuata ukahubiriwa: eti kuna mtumishi anayetegemea sindano kuliko Yesu. Aliyehubiri anajijua. Amekaa hema la wachungaji, safu ya mbele. Tangu siku hiyo ndugu yangu hakumwambia mchungaji yeyote kitu.

Januari hii kanisa lilifunga, naye akaongoza. Maryanne alimsihi, "Baba Griffins, kunywa hata uji."

"Wakiniona na kikombe watasema nini? Si mimi ndio naongoza?"

Alijidunga sindano yake ya kushusha sukari kama kawaida, tumbo tupu. Jumapili tarehe 19 Januari 2025 alianguka mimbarini. Watu walimzunguka wakikemea mapepo, na mwili wake ulikuwa unalilia sukari tu. Hakuzinduka tena. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 23.

Mlitaka programu ya mazishi iseme Mungu alimpenda zaidi. Maneno hayo nimeyakata. Nina hasira na sitaomba msamaha. Leo hema lenu limejaa kola nyeupe hadi mmeongezewa viti. Nyumbani kwake Nyalenda hamkuwahi kujaza hata benchi moja.

Ameacha mjane, Maryanne. Watoto, Griffins na Sheryl. Mimi pacha wake. Na Mchungaji Byron, msaidizi wake, ambaye Jumapili ijayo atasimama peke yake kwenye mimbari ile ile. Jana nilimuuliza Byron kama amekula. Akaanza kulia.

Opiyo apumzike kwa amani. Ninyi, Jumatatu mwende kwa Byron, na mkifika mumuulize kwanza kama amekula.