Sindano ya Pijo

Niliposikia kwenye pantoni la Kigamboni, "Mzee Badru, dawa yake sindano tu," nikadhani kuna mgonjwa. Kumbe mgonjwa ni gari, Pijo kuukuu iliyoegeshwa mbele yetu, ya kwanza kushuka, na msemaji ni Gaudens, fundi magari wa Keko.

"Kabureta tunang'oa," akaendelea, "tunafunga pampu ya umeme, na hiki kiboksi ndicho kinapima petroli ya kila sindano inayodunga injini. Magari yote yanayoshuka bandarini siku hizi yanacho. Pijo yako haizimi tena." Kiboksi chenyewe alikipakata kama mtoto.

Mzee Badru, mwenye gari, hakutulia. Alikaa, akainuka, akapapasa boneti. "Kabureta ikiziba naifungua, napuliza kwa mdomo, naondoka. Kiboksi kikigoma nitapuliza wapi?"

"Hukipulizi, mzee wangu. Unaniita mie."

"Jumamosi nampeleka mwanangu Nusaiba kwa mumewe. Nikuite huku wakwe wanatazama?"

"Na hiyo kabureta ikiziba, utapuliza na kanzu ya harusi? Uwasalimie wakwe mdomo unanuka petroli?"

Nikajifunika ushungi nicheke. Mzee hakucheka. "Mama yake nilimpeleka leba kumzaa na gari hilihili. Halikuzima."

"Mwaka gani huo?" fundi akauliza. Mzee akaingia garini.

Pantoni likagusa ng'ambo, mlango ukashuka. Mzee akawasha. Pijo ikakohoa, ikazima. Nyuma honi zikaanza. Fundi akamnyooshea kiboksi dirishani.

Mzee akashuka, akatoa spana mfukoni, akafungua boneti, akainamia kabureta, akavuta pumzi.