Edisa, Mlinzi wa Mvulana wa Shaba

Edisa wangu anastaafu tarehe 30 Oktoba 2026, na mvulana wa shaba bado yuko kabatini, mzima, yule yule wa kweli. Haya, hamjambo nyote. Mimi ni mama yake mzazi. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini nani anamjua huyu mtoto kunishinda?

Miaka thelathini na mitatu ametunza nyumba ya vitu vya kale ya misheni hapa Nyamwamba. Mle mna sanamu tatu ndogo tulizoachiwa na padri mzee Mwitaliano. Zilitengenezwa kwao miaka mia tano iliyopita, na mafundi walioiga sanamu za Warumi wa zamani zaidi. Inayopendwa ni ya mvulana aliyekaa akijitoa mwiba mguuni. Haizidi gunzi la mahindi. Wakati wa vita ya milimani Edisa alizificha kwenye gunia la muhogo, akalikalia juu ya lori mpaka Kinyamaseke. Afande mmoja njiani akataka muhogo. Alimpa wa juu juu.

Mwaka juzi akaja bwana mwenye glavu nyeupe, akasema ni mtaalamu wa sanamu, apewe mvulana wiki mbili akamsafishe. Mimi sikumwamini tangu alipokataa chai yangu. Mwenyekiti wa kamati, Tsongo, akamkubalia. Sanamu iliporudi inang'aa, kamati ilipiga makofi. Edisa akaipindua. Ndani ya ile ya kweli, fundi aliacha alama ya dole gumba kwenye nta aliyoifinyanga kwanza, na shaba ilipomiminwa mahali pa nta ikaishika alama ile. Kila Jumatatu akifuta vumbi aliipapasa. Hii ndani ilikuwa laini kama kikombe. Kupindua chombo kabla ya kukisifu nilimfundisha mimi, sokoni Bwera, tukinunua sufuria.

"Hii si yetu, Mwenyekiti," alisema. "Sahihi yangu ya kuipokea hamuipati."

Tsongo akamjibu kwamba macho yake yamechoka. Kesho yake wakamsimamisha kazi, wakinong'ona kwamba pengine ni yeye aliyeuza ya kweli. Nami nakiri hapa mbele yenu: nilipekua mfuko wake, nikapekua chini ya kitanda chake. Akanikuta nimepiga magoti.

"Angalia na kwenye debe la unga, mama," aliniambia, akatoka kuchota maji. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kumbe alikuwa amewaomba madereva wote wa njia ya Bwera wawe macho. Siku ya tisa Magidu, mwenye lori la mizigo, akampigia simu: amepewa katoni ya sabuni aivushe mpakani, na hajawahi kubeba sabuni nzito namna ile. Polisi waliifungua kabla haijavuka. Edisa alitia kidole ndani ya sanamu iliyokuwamo, akalikuta lile dole gumba, akacheka, kisha akalia. Bwana wa glavu, mwenye katoni ile, alikamatwa. Edisa akarudishwa kazini. Tsongo alikuja kwangu kuomba radhi, akanywa chai vikombe viwili. Bado namwangalia.

Asante, Edisa, na unisamehe. Sasa ulale mpaka jua litoke, uchume kahawa yako taratibu, na miaka yako iwe mingi yenye afya.

Funguo anazipokea Biira, mlinzi mpya. Uso wake mzuri, lakini uso si kitu. Atapokea sanamu moja moja mbele ya watu wote. Njoni mshuhudie, chakula kipo, na mifuko yenu tutaitazama mkiingia na mkitoka, hata wa mwenyekiti: Jumamosi, tarehe 24 Oktoba.