Nani Hasa Aliitengeneza Bunduki ya Orval

Benchi letu liko mbele ya duka langu la chakula cha mifugo, hapa Willet, Missouri, chini ya bati linalovuja upande wa kushoto. Upande huo anakaa Dikoni, maana hakuna anayemhurumia. Kahawa natoa mimi, na kila mtu ana kikombe chake ambacho hakioshwi. Wananiita Pumba, kwa sababu ya biashara yangu na kwa sababu nyingine wanayoijua wenyewe. Kanali jeshini alikuwa mpishi. Dikoni hajawahi kuwa dikoni wa kanisa lolote, ila ana methali kwa kila jambo na ni nadra moja kukaa mahali pake. Sukari ana kisukari na bado anakoroga vijiko vinne. Nafasi ya katikati ni ya Orval Teague, na tangu tumzike mkewe Nadine mwezi wa tatu haijakaliwa na mtu. Hatukukubaliana hivyo, imetokea tu.

Novemba hii mvua ilituganda kama kupe. Msimu wa kuwinda kware ulikwisha kufunguliwa, na Orval, ambaye miaka yote ndiye wa kwanza kuingia mashambani na mbwa wake Juno, hakuonekana. Jumatatu akaja na pikapu yake, akashusha bunduki yake ya marisawa, ile ya mitutu miwili aliyoachiwa na baba yake. Alikuwa ameiviringisha kwenye blanketi la viraka alilolishona Nadine. Hakuketi. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati inamcheza shingoni.

— Kaa nayo, Pumba, akaniambia. Mwambie Kanali atafute nani hasa aliitengeneza. Asiharakishe.

Nikafurahi. Niliwaambia wenzangu kwamba mtu anayeuliza habari za bunduki bado yuko nasi, na wote wakakubali. Sisi tumekuwa tukimwona Orval anazama miezi yote hii na hatukuwa na kamba ya kumtupia. Sasa kamba ameitaka mwenyewe, tukasema.

Ubishi ukaanza hapo hapo. Ubavuni mwa bunduki ile pameandikwa Tolliver Royal, na Tolliver ndiye aliyekuwa na duka la vyuma pale wanapoziba matairi siku hizi. Kila mtoto wa Willet amelelewa akiambiwa kwamba mzee Tolliver alikuwa akizifua bunduki zake mwenyewe nyuma ya duka. Ni fahari yetu, na hatuna nyingine. Kanali akaichukua kwake, akaifungua kipande kwa kipande, na Ijumaa asubuhi akarudi nayo, kavimba kifua.

— Tolliver hakutengeneza hata msumari, akasema. Aliuza.

— Shika adabu yako, Dikoni akamjibu. Babu yangu alimwona kwa macho yake akigonga nyundo.

— Alimwona akigongoa makasha. Bunduki zilikuja kwa treni, zimelazwa kwenye majani makavu kama mayai. Kuna kiwanda kule mashariki, ukiagiza za kutosha wanakupigia chapa jina lolote. Lako, la mkeo, la mbwa wako.

— Nyinyi mnakwenda mpaka mashariki kumtafuta aliyeitengeneza, Dikoni akasema, na wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako.

— Haina maana hiyo.

— Ina maana kitu kiko karibu.

— Kiko karibu kinakula, Dikoni. Kunywa kahawa.

Kanali akatueleza alivyojua. Ukivua ule ubao wa chini ya mitutu unakuta herufi ndogo na namba, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Akakumbuka bunduki ya marehemu baba mdogo wa Sukari, iliyoandikwa Prairie Duke kwa maua na mbwembwe, iliyosifiwa enzi zake kuwa ndiyo bunduki ya mabwana. Nayo akaivua ubao. Herufi ile ile. Akazilaza zote mbili juu ya kaunta yangu, na hata mimi nisiyejua kitu nikaona ni mapacha, tumbo moja, majina tu mbalimbali.

Sukari alizitazama muda mrefu.

— Baba na baba mdogo walinuniana mpaka kufa, akasema. Mmoja ana Tolliver, mwenzie ana Duke. Kila msimu ugomvi ni ipi bunduki na ipi bomba la maji. Baba mdogo hakuja hata kumzika baba.

— Damu nzito kuliko maji, Dikoni akasema.

— Hiyo haiingii hapo.

— Imeshaingia.

Kisha tukafanya tunachofanya siku zote, tukaongeza chumvi. Dikoni akadai kazi yote ilifanywa na wafungwa, ndiyo maana hakuna aliyetia jina lake halisi. Sukari akasema hapana, ule ulikuwa mpango. Mwenye kiwanda alijua watu wa shamba hawanunui bunduki, wananunua ubishi, kwa hiyo akawapa majina mia ili kila nyumba igombane na jirani na kila jirani anunue. Kanali akasema kama ni hivyo basi hata makanisa. Wabaptisti na Wamethodisti, vua ubao wa chini, utakuta herufi moja. Dikoni akataka kukasirika, akafikiri, akasema na vyama vya siasa je. Tulicheka, lakini kicheko cha mvua, hakikufika mbali.

Ndipo Kanali akatoa habari aliyokuwa ameiweka ya mwisho. Mtutu wa kulia wa bunduki ya Orval ulikuwa bubu tangu zamani, pini yake ya kufyatulia risasi imelika na hakuna aliyejua pa kupata nyingine, maana utaagiza wapi kipuri cha Tolliver ambaye hakuwahi kutengeneza kitu? Sasa kwa kuwa mtengenezaji amejulikana, Kanali ameitoa ile ya Duke, nayo imeingia kama chanda na pete. Ameijaribu kule jalalani. Inalia pande zote mbili.

— Tunampelekea mchana huu, akasema. Mtu akiletewa bunduki ya baba yake imefufuka hivi, hawezi kubaki ndani. Atatoka.

Sukari akaenda kununua boksi mbili za risasi, akazifunga utepe mwekundu. Mimi nikakipaka kitako mafuta mpaka kikang'aa. Tukaiegemeza bunduki benchini, kwenye nafasi ya Orval, boksi kando yake, na nakwambia tulikuwa na furaha ambayo hatukuwa nayo tangu msiba.

Gari la Darla likasimama. Darla ni dada wa kaunti anayewapelekea wazee chakula cha mchana majumbani, amehamia huku kiangazi hiki, na kila akipita Dikoni humwambia mgeni njoo mwenyeji apone, akitumaini kipande cha pai kilichobaki. Akamwambia na siku ile. Darla hakucheka. Akaniomba mfuko wa chakula cha mbwa.

— Huna mbwa wewe, nikamwambia.

— Ninaye tangu juzi.

Tukatazama garini. Kwenye kioo alikuwa Juno, na lile sikio lake moja la kahawia, anatutazama kama anayetufahamu, na kweli alitufahamu.

— Mzee Teague kanipa, Darla akasema. Kasema kwangu kuna uwanja mkubwa.

Sukari akasema labda goti linamsumbua, hawezi tena kutembea na mbwa. Darla alikuwa ameiona bunduki na utepe.

— Na hii ya nani?

— Yake, Kanali akasema. Ilikuwa mbovu, tumeitengeneza. Tunamrudishia sasa hivi.

— Aliomba irudi?

Kanali akanigeukia mimi. Nikajitahidi kukumbuka maneno ya Orval siku ile, na yalikuwa machache mno, hayana pa kujificha. Kaa nayo. Asiharakishe.

— Alitaka kujua nani aliitengeneza, nikasema.

— Sawa, na mkaja mkajua. Lakini si Kanali angekwenda kuiangalia kule kule kwake? Vyakula ninavyompelekea navikuta barazani, hajafunua. Mbwa kanipa mimi. Bunduki kawapa nyinyi. Wazee wangu, mimi mgeni, nielezeni. Kwa nini hataki ilale nyumbani kwake?

Bati likaendelea kumdondokea Dikoni begani, na kwa mara ya kwanza hakusogea wala hakulalamika.

Nilielewa, na nikaona wenzangu nao wameelewa, maana hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake. Orval alikuwa amekaa peke yake na kitu kile usiku na mchana, na akajiogopa. Huku kwetu mwanamume atakwambia habari za goti lake, za nyasi, za mvua, ila hili hana maneno yake. Basi alilifunga kwenye blanketi la mkewe akalileta kwa watu anaowaamini, pamoja na swali alilojua litatushughulisha mpaka Krismasi. Nasi mabingwa tukalijibu kabla ya wiki kwisha, tukamtengenezea na mtutu uliokuwa bubu, tukafunga na utepe.

Kanali aliinuka kwanza. Alizichukua boksi za risasi, akaziingiza dukani, utepe na vyote. Nikaifungia bunduki ndani ya sefu ya duka. Darla akabaki na simu sikioni anamtafuta muuguzi wa kaunti, akatuambia twende, tusimngoje. Sukari akachukua vikombe, pamoja na cha Orval ambacho kilikuwa msumarini tangu mwezi wa tatu. Nikajaza themosi. Tukapanda pikapu ya Kanali wote wanne, tumebanana, na Dikoni hakutoa methali njia nzima.

Orval alifungua mlango na kitu cha kwanza alichotazama ni mikono yetu. Alitazama ya Kanali, kisha yangu, halafu akatazama nyuma yetu, kwenye pikapu. Alipoona hatukuja na kitu ila themosi na vikombe, akasogea kando tukapita. Ndani kulikuwa baridi. Sukari akamwekea kikombe chake mezani, nikamimina. Akakishika kwa mikono miwili bila kunywa, nasi tukakaa kama tunavyokaa benchini, yeye katikati.

Orval akasema, bila kumtazama mtu:

— Mmejua nani aliitengeneza?

Mimi namjua Kanali tangu shule. Ni mtu atakayekwambia umbali wa mwezi na uzito wa nyangumi, na akikosea atakuapia. Sijawahi kumsikia akisema hajui kitu. Alitazama ndani ya kikombe chake.

— Sijui, akasema. Imenishinda, Orval. Nitahitaji kuendelea kukaa nayo. Labda mpaka theluji ije na iondoke.

Orval akavuta pumzi, akaishusha polepole, na mabega yake yakashuka nayo.

— Usiharakishe, akasema.

Kisha akanywa. Nikamwongeza, akanywa tena. Themosi ikaisha, na hakuna aliyeinuka.