Kilo Alizomwachia Ribka

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya Dorkas Padan, nami nimeahidi sitalia kabla ya kumaliza. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 hapa Long Bawan, Krayan, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1977, kisha akaingia kwenye kibanda cha chumvi cha mama yake, akachemsha maji ya kisima cha chumvi miaka arobaini na sita, na ule moshi haukumtoka kwenye nywele hata siku alipofunga ndoa na kaka yangu Tagal, tarehe 14 Juni 1986. Walijaliwa watoto wawili, Ester na Markus.

Februari 2023 aligundulika ana saratani ya titi, na kwa kuwa hatuna barabara ya kufika hospitali ya Tarakan, Yusak Murang, aliyesoma naye darasa moja, alimpeleka kwa ndege yake ndogo, akimpima kwenye mzani kila safari, maana ndege ile haibebi abiria na mizigo zaidi ya kilo mia moja na arobaini. Wenzake wa kibandani walipeana zamu kumsindikiza, isipokuwa rafiki yake mkubwa Ribka, mwenye kilo tisini na mbili, aliyebaki uwanjani akipunga kitambaa, huku Dorkas akimpigia kelele mlangoni, "Ribka wee, ukipanda wewe, itabidi Yusak ashuke asukume!"

Safari ya kwanza mzani ulisoma sabini. Safari ya saba, tarehe 11 Agosti 2024, ulisoma arobaini na moja, Ribka akaanza kulia, mpaka mwenyewe akamgeukia na kusema, "Haya shoga, nimekuachia nafasi, panda, sasa unalia nini?" Ribka akapanda.

Huko madaktari walimweleza ukweli kwa upole, naye akaomba jambo moja tu, asifie mbali na moshi wake, lakini mawingu yakafunga njia siku nne, Ribka akimlisha uji kijiko kwa kijiko na kumsihi asitangulie, hadi tarehe 17 kulipokucha kweupe na Yusak akasema, "Twendeni sasa hivi." Tulipowapokea, Ribka alikataa machela, akambeba mikononi hadi kibandani, na hapo, akiwa ameshikwa mkono na Tagal, Dorkas alifariki tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, maji ya chumvi yakitokota.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarakan, majirani mliotupikia, Yusak, na wanawake wote wa chumvi. Leo alfajiri Ribka amewasha moto peke yake, na amesema hauzimwi mpaka tumalize kuzika.

Pumzika, Dorkas wetu, umeshafika nyumbani.